Macho yanayokereketa miezi nenda, miezi rudi: tutafute chanzo kabla ya kubadilisha dawa tena

Sauti ya Alfajiri (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Nafungua uzi huu kwa wenzangu ambao macho yao hayatulii. Simaanishi jicho jekundu la siku chache linalopona na kusahaulika. Namaanisha macho yanayowasha au kuchoma mwezi baada ya mwezi: unaamka kope nzito, jioni unahisi mchanga, unatia matone unapata nafuu kidogo, ukiacha yanarudi palepale. Nimeishi nayo miaka mingi, mdogo wangu pia anayo, na katika kusoma na kuwasumbua wataalamu kwa maswali nimeona kwamba swali la "dawa gani nzuri?" tunaliuliza mapema mno. Kwanza tujue yanasumbua saa ngapi, ni jicho moja au yote mawili, yanawasha au yanachoma, na ni kitu gani kilibadilika kabla hayajaanza. Majibu ya hayo humsaidia daktari kuliko orodha ya chupa ulizokwisha kumaliza.

Nianze na kuwasha. Ule muwasho wa kukulazimisha ufikiche, hasa kwenye pembe ya jicho karibu na pua, mara nyingi ni mzio. Kama una chafya zisizoisha, pumu au ukurutu wa ngozi, uwezekano unaongezeka. Yanayousababisha ni chavua, utitiri wa vumbi unaoishi ndani ya magodoro na mito, kuvu wa kuta zenye unyevu, na wanyama wenye manyoya. Ukisumbuliwa msimu mmoja tu wa mwaka, fikiria chavua. Ukisumbuliwa mwaka mzima, na zaidi unapoamka, kichunguze kitanda: foronya na shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto wa nyuzi 60, ambayo huua utitiri, na mto wa zamani ubadilishwe. Na jamani, tusifikiche. Ukifikicha, seli za mzio zilizo kwenye utando wa jicho zinapasuka na kumwaga histamini, kemikali inayoleta muwasho, kwa wingi zaidi, kwa hiyo raha ya dakika moja inazaa muwasho mkubwa kuliko wa mwanzo. Kitambaa cha maji baridi juu ya kope zilizofumbwa kinatuliza bila madhara hayo.

Kuchoma, kukauka na kuhisi mchanga ni njia nyingine. Hapo shaka ya kwanza ni ukavu wa macho, na saa inasema mengi. Yakizidi jioni, baada ya siku nzima ya kusoma, kuendesha gari au kukaa mbele ya skrini, machozi yako hayadumu juu ya jicho. Yakiwa mabaya zaidi asubuhi, angalia kope zenyewe au kile kinachotokea ukiwa umelala. Kope zilizogandamana, magamba kwenye mizizi ya nywele zake, kingo nyekundu: huo ni uvimbe wa kingo za kope, na matone peke yake hayauondoi hata ukitia chupa nzima.

Jicho moja tu likisumbua miezi kadhaa, usikubali upesi kuambiwa ni mzio. Mzio na ukavu kwa kawaida hugusa yote mawili. Omba kope ya juu igeuzwe na kutazamwa kwa ndani, maana hapo ndipo chembe hujificha. Unywele mmoja uliojikunja kuelekea ndani unaweza kukwaruza konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, kutwa nzima. Kwenye maeneo yenye trakoma, ule ugonjwa wa vikope, kope hujikunja hivyo kutokana na makovu ya maambukizi ya utotoni, na hilo linahitaji upasuaji mdogo kabla konea haijaharibika.

Karibuni tuchangie. Mimi si daktari, nasema hivyo mapema.

Bint Seif

Asante mkuu kwa uzi huu. Mimi macho yangu yanatiririka machozi, hasa kwenye upepo na nikiwa kwenye kompyuta. Niliambiwa ni makavu nikakataa kabisa. Yanakuwaje makavu ilhali nashinda na kitambaa mkononi nikifuta?

Sauti ya Alfajiri

Dada Bint Seif, swali lako ndilo linalowachelewesha wengi. Machozi si maji matupu. Chini kuna ute unaoyashikisha kwenye jicho, katikati maji, na juu utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yasiruke hewani. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi zilizojipanga ndani ya kope, ambazo matundu yake yako nyuma tu ya mstari wa nywele. Zinaitwa tezi za Meibomi, kwa jina la Heinrich Meibom, tabibu wa Ujerumani aliyezieleza mwaka 1666. Tezi hizo zikiziba, mafuta yakawa mazito kama mafuta yaliyopata baridi, utando unakatika na sehemu ya jicho inabaki wazi. Mishipa ya fahamu ya konea inapiga kelele, na tezi kubwa ya machozi inajibu kwa kumwaga maji mengi kwa mpigo. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha, yanashuka shavuni na jicho linabaki kavu vilevile. Ukavu wa namna hii, wa machozi kuruka upesi, ndio ulio wa kawaida zaidi.

Skrini inaingia hivi: mtu aliyetulia hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea skrini idadi hiyo inashuka sana, pengine hadi theluthi yake, na nyingi ya zile zinazobaki ni nusu nusu, kope za juu hazifiki chini. Kila kupepesa kamili ndiko kunakokamua mafuta kidogo kutoka kwenye tezi. Kwa hiyo shusha skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho, jicho lisiwe limefunuka sana. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na katika sekunde hizo fumba macho taratibu, kope ziguse, ufumbue. Hewa ya kiyoyozi au ya gari isielekezwe usoni.

Kisha kope zenyewe. Kitambaa safi chenye joto la kuvumilika, kama nyuzi 40, kikae juu ya macho yaliyofumbwa dakika 5 hadi 10. Kinapoa haraka, kwa hiyo unakichovya tena na tena. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaweka kitambaa dakika moja halafu wanasema hakifanyi kazi. Baadaye sukuma kope za juu kwa kidole kuelekea chini na za chini kuelekea juu, kwa upole, halafu safisha kingo. Ni kazi ya kila siku na matokeo yake huchukua wiki kadhaa.

Nuru78

Mimi niko kwenye kundi la asubuhi. Nikifumbua macho nahisi kama yamekwaruzwa, baada ya saa moja au mbili yanapoa. Mchana sina shida. Mke wangu anasema nalala macho hayajafumba vizuri, na feni inanipuliza usoni usiku kucha.

Sauti ya Alfajiri

Kaka Nuru, mke wako amekupa nusu ya jibu. Wapo watu wengi ambao kope zao haziungani kabisa usingizini na wao wenyewe hawajui. Ule mstari unaobaki wazi unakaukia hewani saa zote za usiku. Geuza feni ipulize ukutani au miguuni kwanza, hilo halikugharimu chochote. Halafu jeli au mafuta mazito ya macho kabla ya kulala tu. Ukungu wake kwenye kuona ni wa muda. Mwambie daktari akuangalie unavyofumba. Kama unakoroma sana na unaamka umechoka, mwambie na hilo pia, kwa sababu kukatika pumzi usingizini huambatana na kope zilizolegea ambazo hufunuka zikigusa mto. Wanaotumia mashine ya kusaidia pumzi nao wakague barakoa, hewa inayovuja kwa juu inaingia moja kwa moja machoni.

Mama Wawili

Shikamooni wakubwa. Mwanangu wa kiume ana miaka minane, macho yanawasha mpaka analia, anafikicha kwa ngumi, jua hawezi, na asubuhi anatoa ute mrefu kama uzi. Tulipata matone duka la dawa, siku mbili tu akawa mzima. Tukiacha yanarudi, basi nanunua tena. Ni sawa kuendelea?

Kioo Safi

Marahaba mama. Nimekuwa nikisoma kimya, nafanya kazi ya uuguzi kwenye kliniki ya macho, na hapa lazima niandike. Tafadhali soma kwenye hiyo chupa leo. Ukiona deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na mara nyingi huchanganywa na antibayotiki ndani ya chupa moja, mtu akaamini anatibu vijidudu. Steroidi inatuliza karibu kila aina ya jicho jekundu, ndiyo maana inapendwa. Lakini ikitumika wiki kwa wiki bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu mshipa wa kuona, yaani glakoma, na mtoto hatalalamika kwa sababu haiumi. Alichopoteza hapo hakirudi. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho, na kama ndani kuna virusi vya hepesi inavipa nafasi ya kula konea.

Usiikatishe kwa hofu na kukaa nyumbani, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hii pamoja na chupa zote, apimwe presha. Unavyoeleza inafanana na mzio mkali wa watoto unaoonekana zaidi kwenye nchi za joto na ukavu, unaowapata wavulana kuliko wasichana, na kwa wengi hupungua wakibalehe. Msingi wa matibabu yake ni matone ya kuzuia mzio yanayotumika kila siku hata siku ambazo hawashwi, mfano olopatadini, ketotifeni au kromoglikati. Steroidi huingia kwa muda mfupi, kwa uangalizi, pale konea inapotishiwa. Kwa wagumu zaidi kuna siklosporini. Na kufikicha kwa ngumi miaka mingi kunahusishwa na konea kuchongoka kama koni, mtoto akaja kuhitaji lenzi ngumu au upasuaji ujanani. Kofia ya ukingo mpana na miwani ya jua vimsaidie nje, na kitambaa baridi kiwe karibu naye.

Mama Wawili

Nimesoma. Imeandikwa deksamethasoni na neomaisini. Moyo umenienda mbio. Kesho asubuhi tunakwenda.

Kioo Safi

Vizuri sana mama. Muulize daktari maswali mawili: presha ya jicho ni ngapi, na konea ikoje. Andika majibu. Mtoto kupata nafuu haraka kulikudanganya kama kunavyowadanganya wazazi wengi, na wewe ulifanya kwa huruma.

Kalamu Nyeusi

Tatizo langu ni tofauti kidogo. Jicho lenyewe halina shida, ngozi ya kope ndiyo inayowasha, inabanduka na kuwa nyeusi. Nimeacha wanja na maskara muda mrefu lakini bado.

Sauti ya Alfajiri

Dada Kalamu, unapaka rangi ya kucha? Nauliza kwa sababu ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, na vidole tunavipitisha hapo siku nzima bila kufikiri. Mzio wa rangi ya kucha au gundi ya kucha za bandia unaweza usionekane kabisa vidoleni, ukajitokeza kwenye kope. Vivyo hivyo dawa ya kupaka nywele rangi, shampuu, manukato, losheni ya uso, hata matone ya macho yenyewe. Daktari wa ngozi anaweza kukubandika vipande vya kupima mzio mgongoni, vikasomwa baada ya siku mbili na tena baadaye kidogo. Mpaka hapo, acha vyote vya uso na kucha kwa pamoja hadi ngozi itulie, kisha rudisha kimoja kimoja kwa kuachanisha. Na kwa wanaotumia wanja: ule unaopakwa ndani ya mstari wa kope unakaa juu kabisa ya matundu ya zile tezi za mafuta. Nje ya nywele ni salama zaidi.

Kalamu Nyeusi

Napaka rangi ya kucha kila wiki! Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mzizi wa Mbuyu

Wakuu, kwa nini tusizungumzie tiba asili? Asali, maji ya majani, mafuta ya samaki. Dawa za kiwandani zina kemikali, hata nyie mmekiri zina madhara.

Sauti ya Alfajiri

Ndugu Mzizi, hoja yako kuhusu kemikali ina ukweli ndani yake na sitaki kuipuuza. Matone mengi ya chupa yana kihifadhi kiitwacho benzalkoni kloridi, na kikitumika mara nyingi kwa siku kinaumiza seli za uso wa jicho. Mtu anatia matone ya ukavu mara nane, jicho linazidi kuchoma, anaongeza. Ukijikuta unahitaji zaidi ya mara nne hadi sita kwa siku, tafuta yasiyo na kihifadhi. Matone ya kuondoa wekundu, yale yenye tetrahidrozolini au nafazolini, ni mtego mwingine: yanabana mishipa ya damu, jicho linakuwa jeupe saa chache, dawa ikiisha nguvu mishipa inafunguka kuliko mwanzo. Mwenye wekundu wa kudumu asikae nayo.

Lakini majani na asali ya jikoni machoni, hapana. Konea haina kinga kama ya ngozi. Hata matone ya kiwandani yakichafuka yanaua: mwaka 2023 Marekani walifuatilia maambukizi ya bakteria sugu wa Pseudomonas yaliyohusishwa na machozi bandia, wakahesabu wagonjwa 81, kati yao 14 walipoteza uwezo wa kuona na 4 walifariki. Kama uchafu ndani ya chupa uliofanya hivyo ulipenya kiwandani, maji ya majani ya kwenye kikombe yana ulinzi gani? Hiyo hiyo ndiyo sababu ncha ya chupa isiguse kope wala kidole, na chupa moja isitumiwe na familia nzima.

Mafuta ya samaki nayo yalipimwa vizuri. Utafiti wa DREAM uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa watu wenye macho makavu miligramu 3,000 za omega-3 kila siku kwa mwaka mzima, wengine wakapewa mafuta ya zeituni bila kujua nani kapewa nini. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Ukiyapenda kama chakula, kula. Usiyategemee kama tiba ya macho.

Fundi wa Redio

Mimi jicho la kushoto. Mtoto alinikwaruza kwa kucha, likapona. Sasa kuna asubuhi naamka, nikifumbua tu ni maumivu makali kama ya kisu, machozi, halafu kufikia mchana limekwisha. Linakaa wiki kadhaa salama kisha linarudia.

Kioo Safi

Ndugu Fundi, hiyo ni hadithi tunayoisikia sana. Kwaruzo la kucha, karatasi au tawi huweza kupona juujuu bila ngozi ya konea kushikana vizuri na tabaka la chini. Usiku jicho linakauka, kope inagandana na kile kipande, ukifumbua kinang'oka. Usisubiri lipone ndipo uende; nenda asubuhi ileile, kwa sababu mchana jeraha huwa limefunga na daktari haoni kitu. Mafuta mazito kila usiku kwa miezi kadhaa huwasaidia wengi. Asubuhi tia tone kwanza ukiwa umefumba, subiri, ndipo ufumbue polepole.

Na kwa kila anayesoma: kuna macho ambayo si ya kuchunguza nyumbani. Maumivu makali, mwanga kuumiza, kuona kupungua, doa jeupe kwenye konea, duara za rangi kuzunguka taa pamoja na kichefuchefu, jicho jekundu kwa anayevaa lenzi, jicho la mtoto mchanga linalotoa usaha. Hao waende siku hiyohiyo. Kemikali ikiingia, osha kwa maji safi mengi mfululizo angalau dakika 15, ndipo uondoke.

Bint Seif

Mkuu nina swali la mwisho. Nikienda kliniki natazamwa dakika chache naandikiwa matone. Niseme nini ili nipimwe kweli? Nina miaka 52, na siku hizi hata mdomo unakauka.

Sauti ya Alfajiri

Hilo la mdomo liseme la kwanza, dada, usilimezee. Macho makavu pamoja na mdomo mkavu, hasa kwa mwanamke wa umri wako, na zaidi kama viungo vinauma, yanamlazimu daktari afikirie ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na mate. Kuna vipimo vya damu vya kusaidia. Mabadiliko ya homoni ya kukoma hedhi nayo hukausha macho. Baridi yabisi, kisukari na matatizo ya thairoidi vyote vinahusika, kwa hiyo taja ulicho nacho.

Beba dawa zako zote, hata zisizo za macho. Dawa za mafua na mzio za kumeza, hasa zile za kulewesha usingizi kama klorfeniramini, hukausha. Amitriptilini, ya sonona na maumivu, hukausha, za kuongeza mkojo pia, na isotretinoini ya chunusi inagusa tezi za mafuta za kope. Mtu anameza kidonge cha mzio kwa ajili ya macho na kidonge hichohicho kinamkausha. Usiache dawa yoyote peke yako, muulize aliyekuandikia kama ipo mbadala.

Kuhusu vipimo, omba mambo matatu. Rangi ya fluoresini, ambapo wanahesabu sekunde hadi machozi yakatike. Chini ya 10 ni upesi mno. Kipande cha karatasi cha Schirmer kwenye kope ya chini kwa dakika 5, wapime kimelowa machozi milimita ngapi. Chini ya milimita 10 kunatia shaka, chini ya 5 ni ukavu mkubwa. Na kope zibonyezwe kwenye hadubini waone mafuta yanayotoka ni ya namna gani, pamoja na mizizi ya nywele. Magamba yanayoizunguka mizizi hiyo kama mkufu ni alama ya utitiri wa Demodex, ambao una matibabu yake. Kama macho yanauma sana na vipimo vyote ni safi, usikubali kuambiwa unajitungia. Mishipa ya fahamu ya konea yenyewe inaweza kuumwa, na wapo madaktari wanaoitibu hali hiyo.

Kabla hujaenda, andika kwa wiki mbili kwenye daftari: saa, jicho lipi, muwasho au mchomo, ulikuwa wapi, hewa ikoje, ulitia nini. Mstari mmoja kila mara unatosha. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja tu na ukipe muda, la sivyo hutajua ni mto mpya, feni, au matone yaliyokusaidia. Siku ya miadi usipake chochote machoni wala usitie matone asubuhi hiyo, isipokuwa yale uliyoagizwa na daktari usiyakose. Ukirudi tuandikie hapa wamepata sekunde ngapi na milimita ngapi.